Tafuta kinachocheza kabla ya kununua mtutu

Bunduki ya bolti, yaani ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma komeo la chuma kwa mkono, ikianza kutawanya risasi, lawama ya kwanza huenda kwenye mtutu. Mwenye nayo atasema umekwisha, au kiwanda kilimuuzia kitu kibovu, na haipiti wiki utamkuta anaulizia bei ya mtutu mpya, triga mpya na kitako cha kisasa. Mimi natunza bunduki katika kambi ya uwindaji upande wa Kiruhura, kwenye ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, na hili nalisema kwa uzito wote: mara nyingi mtutu hauna kosa. Kuna kitu kinacheza. Ukikipata na kukituliza, bunduki ile ile ya kiwandani, kwa risasi zile zile, inapiga vizuri kuliko mwenyewe alivyodhani inaweza.

Uwindaji wa kulipia ulirudishwa Uganda kwa majaribio mwaka 2001, na ulianzia huku huku, kwenye ranchi za ng'ombe zinazoizunguka Mburo, ili wenye ardhi nao wapate kitu kutokana na wanyama wanaolishwa na majani yao. Wageni huja kutafuta swala pala, nyamera, kuro, pofu, mbogo. Wengine huja na bunduki zao, wengine hukodi za kambi, na askari wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, huenda na kila msafara. Aliyenifundisha kazi ni mzee aliyestaafu jeshini, fundi wa silaha, ambaye kambini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Afande tu. Yeye kwao Arua, mimi Kasese, wafuata nyayo wetu wengi ni Wanyankole. Kazini Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, hasa bunduki inapokuwa mezani, kwa sababu mambo ya silaha Uganda yamezungumzwa kwa Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza.

Ninayemfikiria muda wote ni mnyama. Risasi ikikosea sentimita kumi na tano kwa swala pala, inatoka kwenye moyo na mapafu inaingia tumboni. Mnyama aliyepigwa tumboni anakimbia mbali kwenye vichaka vya migunga, mnamfuata kwa tone moja moja la damu hadi jua linazama, na usiku fisi wanamfikia kabla yenu. Mgeni atamlipia hata asipopatikana, ndiyo desturi yetu. Malipo hayo hayamsaidii mnyama chochote. Kwa hiyo bunduki inayokosea, kwangu, haitoki kambini mpaka nijue kwa nini inakosea.

Iliyonifunza zaidi ni bunduki moja ya .300 Winchester Magnum, aina ya risasi iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 na ambayo wapigaji wa masafa bado wanaipenda. Kichwa chake cha greni 180, yaani gramu 11.7 hivi, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Teke lake ni zito, na teke zito hufichua kila kilicholegea. Ilikuwa ya kiwandani kabisa: kitako cha plastiki nyeusi, bipodi (miguu miwili ya kuegemezea) mbele, darubini nzuri juu. Malalamiko yake yalikuwa mawili, na watu walikuwa wakiyachanganya. La kwanza, risasi mbili za mwanzo zilikaa pamoja, zilizofuata zikapanda juu kulia kadiri mtutu ulivyopata moto. La pili, bunduki ikishasafiri kwa gari kwenye barabara ya murram, asubuhi yake inapiga pembeni. Ukiirekebisha kwa darubini, baada ya siku kadhaa inarudi ilikokuwa mwanzo.

"Usishike bisibisi bado," Afande aliniambia. "Soma karatasi kwanza."

Karatasi ni zile za shabaha. Yeye hazitupi. Nyuma ya kila moja anaandika tarehe, saa, joto, aina ya risasi na namba ya shehena iliyochapwa kwenye boksi, na kila tundu analipa namba kwa mpangilio wa kupigwa. Namba hizo ndizo wengi wanaziacha, kumbe habari yote imo humo. Matundu yakijipanga wima, mshuku mgandamizo wa kitako kwenye mtutu, au baruti isiyo sawa kati ya risasi na risasi, au jinsi bunduki inavyoegemezwa. Yakijipanga ubavuni, angalia upepo, angalia kidole cha mpigaji, angalia kama kitako kimegusa mtutu upande mmoja. Yakitoka makundi mawili yaliyo mazuri kila moja peke yake, lakini yako mbali, huo ni ushahidi mkubwa: kuna chuma chenye makao mawili, na kila teke linakihamishia kwenye kao jingine. Yakitembea kuelekea upande mmoja kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, nne, mtutu unapanuka kwa moto na unakutana na kitu njiani.

Yetu ilikuwa inatembea ikipata moto, na ilikuwa na makao mawili baada ya safari. Kwa hiyo tulikuwa na maradhi mawili tofauti. Anayetafuta dawa moja ya yote mawili atazunguka mwaka mzima.

Tulianza na mtutu na kitako. Kipimo chake ni cha bei nafuu kuliko vyote: noti ya shilingi 1,000. Unaipitisha chini ya mtutu kwa mbele, unashika ncha zote mbili, unaivuta kurudi nyuma kuelekea kwenye chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ikipita bila kukwama mpaka karibu na chemba, mtutu uko huru. Bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, noti yetu ilipita vizuri kabisa, na mimi nilikuwa tayari kwenda hatua nyingine. Afande akakunjua bipodi, akaniambia nilale nyuma ya bunduki kama ninayetaka kupiga kweli, nisukume bega mbele jinsi wageni wanavyofanya. Akapitisha noti tena. Ilikwama kiganja kimoja kutoka mwanzo.

Plastiki ya vitako vingi vya kiwandani huwa na matundu ndani, kuta nyembamba zenye mbavu, ili iwe nyepesi na rahisi kumiminwa. Ukiweka uzito kwenye bipodi, sehemu ya mbele inapinda juu na kuugusa mtutu, kwa kawaida upande mmoja kuliko mwingine. Mtutu wa bunduki hutetemeka risasi inapopita ndani yake, na hilo si kosa, kila mtutu hutetemeka. Muhimu ni utetemeke kwa namna moja kila mara. Ukiguswa leo kidogo na kesho zaidi, kila risasi inatoka mtetemo ukiwa mahali tofauti. Ndiyo sababu mgeni aliyepiga mezani juu ya mfuko wa mchanga alisema bunduki ni nzuri, na mwenzake aliyelala chini na bipodi akasema ni mbovu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Tulifungua bunduki, tukavingirisha msasa kwenye kipande cha bomba linalolingana na mtutu, tukapanua mfereji wa kitako mpaka pakabaki nafasi ya milimita mbili hadi tatu kila upande. Kisha tukajaza zile mbavu tupu za mbele kwa gundi ya epoksi iliyolaza ndani yake vipande viwili vya fimbo ya alumini, ili sehemu ile isipinde tena. Kazi hii haina ufundi mkubwa. Inataka subira na kutokata plastiki kwa hasira. Kuna viwanda huacha makusudi kinundu cha kuubana mtutu kwa mbele, na baadhi ya mitutu myembamba hupenda hivyo. Ukiona bunduki yenye kinundu inapiga vizuri, iache ilivyo.

Sasa yale makao mawili. Bunduki ya bolti hukaa kwenye kitako kwa skrubu mbili au tatu. Chini ya chemba kuna kipande cha chuma kinene, mraba, kinachoingia kwenye tundu la kitako. Hicho ndicho kinachopokea teke lote. Kama uso wake wa nyuma haukukaa barabara kwenye kitako, kila risasi inakirudisha nyuma kidogo, kisha mtikisiko wa gari unakirudisha mbele. Kukijua ni rahisi: bunduki ikiwa tupu, bolti imetolewa, isimamishe kitako chini, zungushia kidole na kidole gumba mahali mtutu unapokutana na mwisho wa kitako, halafu mwenzako alegeze skrubu ya mbele polepole, aikaze, ailegeze. Chuma na plastiki visihame. Kidole cha mtu kinahisi mwendo mdogo sana, hata ule ambao jicho halioni. Chini ya vidole vyangu mtutu uliinuka kutoka kwenye kitako kama unavuta pumzi.

Dawa yake ni kumimina gundi ngumu ndani ya kitako ili chuma kipate kao moja tu. Kabla ya kuimimina, Afande alikagua jambo ambalo tangu siku hiyo nalikagua kwanza: boksi la magazini. Kwenye bunduki nyingi boksi hilo la bati limekaa kati ya chuma cha juu na bamba la chini. Likiwa refu kidogo kupita nafasi yake, ukikaza skrubu unadhani unabana bunduki kwenye kitako, kumbe unalibana boksi. Skrubu inakupa mkono kuwa imekaza, na bunduki bado inaelea. Boksi linatakiwa licheze kidogo kwa kidole baada ya skrubu zote kukazwa. Letu halikucheza hata chembe. Tukalipiga tupa kwenye ukingo, tukapima, tukapiga tena kidogo, mpaka likacheza.

Kumimina kitanda cha gundi ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na naieleza polepole kwa sababu hapa haraka inaharibu bunduki. Bolti inatoka, magazini inatoka, chemba inaangaliwa kwa jicho na kwa kidole, watu wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Triga inatolewa nzima bila kufunguliwa ndani. Kwenye kitako unakwaruza mahali gundi itakapokaa, na kwenye plastiki unatoboa vishimo vidogo vya mshazari, kwa sababu gundi haishiki sana plastiki laini. Inataka mahali pa kujikita. Tundu za skrubu tulizipanua tukaweka nguzo za alumini ndani yake, ili skrubu zikikazwa zibane chuma kwa chuma badala ya kuminya plastiki.

Kile chuma cha kupokea teke kinavikwa utepe mbele, ubavuni na chini, tabaka moja au mbili. Nyuma kinaachwa uchi. Gundi ikikauka utepe unatolewa, na chuma kinabaki kimegusa sehemu moja tu, ile inayopokea teke. Matundu ya pini na ya triga yanazibwa kwa udongo wa kuchezea wa watoto wa shule. Mtutu unazungushiwa utepe kwa mbele mpaka ukae katikati ya mfereji. Halafu inakuja Kiwi, ile ile ya viatu. Unapaka chuma chote na skrubu zote, unaiacha ikauke, unaifuta kidogo, unapaka tena. Mahali palipokosa Kiwi gundi itashika moja kwa moja, na hapo umeifanya bunduki na kitako kuwa kitu kimoja milele. Afande alizunguka na tochi akitafuta penye kung'aa pasipo na rangi. Alipata upenyo mmoja kwenye pembe, mwembamba kama unywele, akaupaka kwa kijiti cha kiberiti.

Epoksi yenyewe ni ile yenye unga wa chuma ndani, nzito, isiyosinyaa ikikauka. Unapima sehemu zake mbili kwa uangalifu, unachanganya bila kuingiza hewa, unamimina kidogo kupita unachodhani kinatosha, unateremsha bunduki taratibu, na inayofurika unaifuta kwa pamba kabla haijawa ngumu. Skrubu zinakazwa kwa vidole tu, zishike bila kuvuta. Ukikaza kwa nguvu wakati huu unaipinda bunduki, na gundi itakauka ikilihifadhi pindo hilo. Tukaiacha saa 24. Ilipotoka, ilitoka kwa mlio mmoja mkavu, na ndani ya kitako tuliona alama za kiwanda zilizochorwa chini ya chuma zikiwa zimejichapa kinyume kwenye gundi, kila herufi.

Baada ya hapo tulipanua matundu ndani ya nguzo ili miili ya skrubu isiguse pembeni, tukakaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu, nyutonimita 7 hivi. Kiasi hicho ni cha kitako chenye nguzo za chuma. Cha mbao au plastiki tupu kinataka pungufu, na kitabu cha bunduki yako ndicho cha kufuatwa. Pete za darubini zinataka pungufu zaidi: nyutonimita 2 zinatosha, zaidi ya hapo unaponda bomba la darubini. Kisha kila kichwa cha skrubu kikapata mstari mwembamba wa rangi ya kucha, kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma kilicho jirani. Asubuhi, kabla ya gari kuwaka, mtu anaangalia mistari. Mstari uliokatika unaonyesha skrubu iliyogeuka. Kwa barabara zetu za murram, hicho ndicho kitu chenye faida kubwa kwa bei ndogo ninachokijua.

Bunduki ile ikaacha kutembea. Kundi la risasi tano kwa mita 100 lilifunikwa na kifuniko cha chupa ya maji, mtutu ukiwa baridi au moto.

Lakini bolti ikawa nzito. Kuifunga ilikuwa kama kuna mchanga ndani, hata bila risasi. Mmoja wa vijana akasema ni gundi, mwingine akasema magazini. Afande alichukua tochi akaangalia ndani ya chemba kutokea nyuma, kisha akafungua skrubu ya mbele ya kishikio cha darubini. Bolti ikateleza. Tulipokuwa tukirudisha kishikio, skrubu zilibadilishana nafasi, na ile ya mbele ikawa ndefu kupita inavyotakiwa. Ncha yake ilichungulia mahali meno ya bolti yanapozunguka. Kwenye bunduki nyingine skrubu kama hiyo haiigusi bolti, inagota kwenye nyuzi za mtutu, na hapo ni hatari zaidi kwa sababu unahisi imekaza kumbe kishikio hakikubanwa. Tangu hapo kila skrubu ninayoitoa inaingia kwenye kipande cha boksi la risasi nilichokitoboa kwa mpangilio ule ule ilivyokuwa kwenye bunduki.

Darubini nayo inastahili mtihani wake, kwa sababu mtu anaweza kukamilisha yote niliyoyasema na bado akakosa kwa mita 300. Tunachora mstari wima mrefu kwenye karatasi, tukiupima kwa uzi uliofungwa jiwe, kwa mita 100 kamili zilizopimwa kwa utepe. Unapiga chini. Bila kubadili mahali unapolenga, unazungusha kitasa cha darubini miliradiani 8 juu, unapiga tena. Kliki moja ya sehemu ya kumi ya miliradiani ni sentimita 1 kwa mita 100, basi kundi la pili linapaswa kuwa sentimita 80 juu ya la kwanza, na lisitoke kwenye mstari. Likitoka kwenye mstari, darubini imefungwa ikiwa imeinama. Likifika 76, basi darubini yako ina kipimo chake yenyewe, na unaweza kuishi nacho ukikijua. Halafu rudisha kitasa chini, upige mahali pa mwanzo. Isiporudi pale pale, hakuna gundi wala triga itakayoiponya bunduki hiyo, badilisha darubini.

Triga nitaipitia haraka. Wageni wengi wanaiomba iwe laini. Afande hakubali, na mimi sikubali. Kwenye baridi ya alfajiri, vidole vina glavu, moyo unapiga kwa sababu mbogo yuko mita sitini, triga laini ni ajali. Tunachofanya ni kupima. Bunduki tupu, imeshapandishwa, tunagonga kitako kwenye mpira wa tairi. Tunaweka sefti, kizuizi cha usalama, na kuitoa bila kugusa triga. Tunafungua na kufunga bolti kwa nguvu. Pini ya kufyatulia ikilia hata mara moja, bunduki inakwenda kwa fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo.

Kuhusu kinachoruhusiwa kuguswa, Uganda ina jambo lake ambalo wanaosoma maelekezo ya Wamarekani hawalioni. Mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama, na polisi wakaanza kupiga risasi za majaribio kutoka kwa kila bunduki ya raia na kuhifadhi maganda na vichwa vyake. Alama hizo zinatoka kwenye mifereji ya mtutu, uso wa bolti, na ncha ya pini. Ukibadilisha mtutu au ukisugua uso wa bolti, bunduki yako haifanani tena na kumbukumbu yake. Ndiyo maana kazi zetu zote zinabaki kwenye kitako, vishikio, skrubu na darubini, na zinafanyika chini ya fundi mwenye leseni, mwenye bunduki akiwa na cheti chake mezani. Nashukuru kwamba huko huko kunakoruhusiwa ndiko ugonjwa uliko mara nyingi.

Bunduki ikishatulia, yanabaki ya hewa, na haya yanahusu mahali petu. Ranchi hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani ya Mombasa kwa asilimia kumi na zaidi. Jedwali lililochapwa kwenye boksi la risasi kwa kawaida limehesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwa mita 200 hutaona tofauti. Kwa mita 400 unapiga juu kidogo kuliko jedwali linavyosema, na mgeni aliyeandaa hesabu zake nyumbani kwao kando ya bahari anadhani bunduki imeharibika ndegeni. Mchana wa kiangazi kuna mazigazi pia: shabaha inaelea kwenye joto linalopanda kutoka ardhini, na ukiitazama kwa ukuzaji mkubwa unaona picha iliyosogea kutoka mahali pake. Kazi ya kupima tunaifanya kabla ya saa tatu asubuhi.

Kisha kuna mzunguko wa dunia, ambao wapenda masafa marefu huuliza sana. Barabara ya Kampala kwenda Masaka inavuka ikweta pale Kayabwe, na Mburo iko kusini kidogo tu ya mstari huo. Kwenye ikweta risasi haisukumwi kulia wala kushoto na mzunguko wa dunia, wakati kaskazini mwa Ulaya inasukumwa kulia. Ila upande wa juu na chini, ikweta ndiko athari ilikozidi: ukipiga kuelekea mashariki risasi inafika juu kidogo, ukipiga magharibi inafika chini. Kwa mita 500 ni sentimita mbili tatu. Hakuna swala anayekosewa kwa sentimita mbili, na sisi hatupigi mnyama kwa mita 500 kwa sababu yoyote ile. Nalitaja kwa sababu mgeni mmoja alikuwa akisahihisha kushoto kwa namba alizozizoea kwao, na marekebisho yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanamkosesha.

Nimesema mara nyingi mtutu hauna kosa. Kuna mara ambayo una kosa, na namna ya kulijua ni kumaliza mengine yote kwanza. Mwaka jana ililetwa bunduki ya mzee mwenye ranchi jirani, ya zamani, kitako cha mbao. Mbao hunywa maji msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, kwa hiyo tulianza na noti ya shilingi 1,000, tukapitia skrubu, boksi, vishikio, tukajaribu darubini nyingine tunayoiamini. Tukasafisha mtutu kwa dawa ya amonia ya kutoa shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, shaba bado imo, mradi ncha ya fimbo yako si ya shaba, maana hiyo nayo inatia buluu na unaweza kusugua mtutu safi jioni nzima. Tulipitisha pamba kwenye mdomo wa mtutu kutokea ndani, tukiangalia kama nyuzi zinanaswa na kovu. Hazikunaswa. Kitambaa kikatoka cheupe, na matundu kwenye karatasi bado yalikuwa yametapakaa bila mpangilio wowote, si wima, si ubavuni, si makundi mawili.

Afande aliomba kamera ndogo ya kuchungulia mitutu kutoka kwa muuzaji mwenye leseni kule Kampala. Mbele tu ya chemba, mahali mifereji inapoanza, chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama tope lililokauka, na mifereji yenyewe imelika kwa urefu wa kidole. Huo ni moto wa baruti, wa miaka mingi ya risasi nyingi kwa mfululizo. Hapo hakuna cha kutuliza.

Mzee aliuliza kama hatuwezi kukata mtutu kwa nyuma na kuurudisha nyuma kimyakimya, kwa kuwa anaipenda bunduki hiyo, ilikuwa ya baba yake. Afande alimjibu kwa upole, "Mzee wangu, mtutu mpya tutauweka, lakini kwanza polisi wajue." Wakaandika barua pamoja, kupitia kwa muuzaji, ili bunduki ikifungwa mtutu mwingine ipigwe upya kwa kumbukumbu. Kitako cha zamani kitabaki. Nimeshakikwaruza mahali pa gundi na kukipaka mafuta ya kitani nje, mbao isinywe tena maji ya Aprili. Bunduki yenyewe iko kwenye sefu ikisubiri jibu, na mzee amekubali kutumia ile ya .300 msimu huu.